Siku Baba Aliposema Voi Imepinda

Juzi nilikuwa Voi, nimesimama kwenye kituo cha mafuta nikisubiri gari la kunipandisha nyumbani, nikaona pikapu ikivuta kibanda cha magurudumu, vile vya kuuzia chipsi. Kibanda kilikuwa kimeinua pua mbele na kuburuta makalio nyuma kama bata aliyeshiba. Mwenyewe, kijana wa kofia nyekundu, alikuwa akikizunguka huku akipiga matairi mateke, utadhani matairi ndiyo yaliyomkosea.

Nikashindwa kunyamaza. "Kijana, shusha hapo mbele kabla hujaingia barabarani. Ukienda hivyo kitakuchezea ngoma, na Mwatate hutafika."

Akanikagua kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka ndala. "Mathe, kwani wewe ni mekanika?"

"Mimi ni mtoto wa fundi wa nguo," nikamjibu.

Alicheka sana, nami nikacheka naye, lakini nilimwona akiinama kuchungulia chini ya gari. Gari langu likaja nikapanda. Njia nzima sikuona kiti wala abiria. Nilikuwa nimerudi uwanjani kwetu, miaka ya sabini, nikisikia sauti ya cherehani ya Mama.

Wacha nikwambie kwetu kulivyokuwa. Mimi ni mtoto wa milima ya Mbololo, juu kabisa, ambako ukiangusha kiazi shambani asubuhi, jioni unakikuta kimeshafika sokoni chenyewe. Nyumba zetu zilikaa kwenye ngazi zilizochongwa ubavuni mwa mlima, kila boma na kipande chake. Alfajiri ukungu uliingia ndani bila kupiga hodi, ukakaa jikoni pamoja nasi tukila kimanga cha jana kilichopashwa moto, ile mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja hadi mwiko unasimama wenyewe. Kuni zilitoa moshi, Mama akapuliza pasi yake ya makaa, na ile harufu ya kitambaa kipya kinachopigwa pasi ikachanganyika na kimanga. Mpaka leo nikipita karibu na mtu anayepiga pasi ya makaa, njaa hunishika.

Uwanja wetu tuliuita tambarare. Kwa macho yetu ulikuwa tambarare kama meza ya mwalimu. Ni kweli kwamba mpira wetu wa matambara, ukiupiga upande wowote ule, mwishowe uligeuza njia, ukabingirika taratibu hadi kwenye migomba ya jirani. Tuliufuata, na yule mama jirani, aliyekuwa na kicheko cha kusikika mpaka Taveta, alitukamata mmoja mmoja: "Nyinyi tena? Salimieni kwanza!" Tukamsalimia, tukauliziwa habari za nyumbani, tukapewa vipande vya muwa, ndipo tukarudishiwa mpira. Hatukushangaa hata siku moja. Tulidhani ndiyo tabia ya mipira yote duniani, kwenda kwa jirani.

Na kwa kuwa mlima ni mlima, kwetu hakuna kitu kilichowekwa bila kupimwa kwa maji. Nyanya, mama yake Baba, alikuwa na bakuli la bati jeupe lenye ukingo wa buluu. Seremala akileta meza, bakuli juu ya meza. Mafiga yakipangwa, bakuli juu ya mafiga. Kitanda cha maharusi nacho kilipimwa, na siku hiyo wanawake walicheka mno na watoto tukafukuzwa. Maji yakigusa ule ukingo wa buluu sawasawa pande zote, kazi imekubaliwa. Yakiegemea upande mmoja, fundi anarudia. "Macho ya mtu wa mlimani yamezoea vibaya," Nyanya alikuwa akisema, "muulizeni maji." Hakuna aliyebishana naye. Baba yangu, aliyebishana na kila mtu kuanzia chifu mpaka redio, mbele ya bakuli hilo alivua kofia.

Sasa, Baba alikuwa dereva wa lori katika kambi ya watengenezaji wa barabara. Kambi ilipovunjwa, wakubwa wake wakamwachia karavani waliyokuwa wakilala ndani yake: nyumba ndogo nyeupe juu ya magurudumu mawili, yenye dirisha la pazia na kitanda kinachokunjwa kikawa meza. Lori la kambi liliikokota mpaka uwanjani kwetu, likaiacha, likateremka zake. Mlima mzima ulikuja kuitazama. Nakuhakikishia hata ng'ombe walikuja.

Kila mtu aliitaka. Nyanya alisema ni nyumba ya kuku, Mungu kajibu maombi yake, maana kicheche alikuwa akimmalizia mitetea. Lakini Mama aliitaka zaidi. Zamani Mama alishona Voi, kwenye baraza la duka moja, mpaka mwenye duka alipoamua kupanga mifuko ya saruji ya kuuza pale barazani, Mama na cherehani yake wakajikuta juani. Tangu hapo alikuwa akishonea nyumbani, na mteja wa kupanda mlima ule kwa ajili ya kupunguziwa sketi ni wa kutafutwa kwa tochi. Basi akapata kazi kubwa ya kwanza tangu afukuzwe barazani: harusi huko Mahoo, upande wa Taveta. Gauni la bibi harusi na yale ya wasimamizi wake wote. Tena baba wa bibi harusi, mkulima mwenye kiwanja kando ya njia ya kwenda sokoni, alimwambia: "Lete hiyo nyumba yako ya magurudumu uiegeshe hapa kwangu, ushone mpaka uchoke."

Mama hakulala kwa furaha. Baba naye, mbele yetu sote, akatoa hukumu. "Mama watoto, karavani ikifika Mahoo kabla ya harusi, ni duka lako. Ikinishinda njiani naigeuza, inarudi hapa, inakuwa ya kuku. Na neno hili lisirudiwe."

Jioni hiyo hiyo Nyanya akaanza kuchagua kuku watakaohamia.

Baba alikuwa na Landrova kuukuu ya kubebea kabichi. Nyuma yake kulikuwa na gololi ya chuma, kubwa kama ngumi, na mkono wa mbele wa karavani ulikuwa na kikombe cha chuma cha kuifunika gololi hiyo. Kazi yenyewe ni moja tu: gololi ikae kwenye kimo kinachofaa, ili karavani isiinamishe pua wala kuiinua. Kwa kupanga kimo hicho Baba alikuwa na chuma kinene kilichopinda kama ngazi moja, chenye matundu ya bolti. Ukikifunga kikitazama juu, gololi inapanda. Ukikigeuza kikitazama chini, gololi inashuka. Ni hivyo tu, hata mimi wa kimo cha mtetea nilielewa.

Wakapima, unadhani kwa kifaa gani? Kwa bakuli.

Landrova iliegeshwa ikitazama lango, karavani nyuma yake. Nyanya aliingia ndani ya karavani, akaweka bakuli katikati ya sakafu, akakaa kando yake na miguu ameinyoosha kama malkia. Baba na vijana wa boma walikuwa nje wakiinua mkono wa mbele kwa magogo.

"Juu!" Nyanya aliita.

"Hapo?"

"Juu, nimesema! Maji bado yanakimbilia mlangoni!" Mlango ulikuwa mbele, upande wa Landrova.

"Mama, tumeinua mpaka tumbo linaniuma!"

"Tumbo linakuuma kwa sababu ya ulafi. Juu!"

Waliinua mpaka Nyanya akapiga kigelegele. Maji yalikuwa yamegusa ukingo wa buluu pande zote. Baba akafunga chuma chake kikitazama juu, akakaza bolti mpaka zikalia, gololi ikaingia kwenye kikombe pale pale kwenye magogo. Akafuta mikono kwa kabichi, akatangaza kwamba hata kiwandani walikotengeneza karavani hawakuwahi kuipima namna hii. Mama hakuwapo. Alikuwa ndani akimalizia pindo la gauni, cherehani ikikimbia kama treni iliyochelewa.

Ijumaa asubuhi tukaondoka. Mama mbele na Baba. Mimi na Nyanya nyuma ya Landrova juu ya kabichi, Nyanya na bakuli lake mapajani, maana alisema anakwenda kuona mwisho wa jambo. Ndani ya karavani, cherehani ilikaa sakafuni, makopo ya pini na vifungo juu ya meza, na gauni jeupe likaning'inizwa kwenye ndoano, limefunikwa shuka. Kuteremka mlima kulikuwa kwa heri. Tulikwenda polepole, kona kwa kona, watoto wakitukimbilia, yule mama jirani akipunga kanga kama tunahamia ng'ambo.

Tatizo lilitungoja kwenye lami.

Barabara kuu ya Mombasa ni tambarare, imenyooka, na Baba alikuwa dereva wa barabara ile. Akaona lami, akasahau kabichi, akakanyaga. Hapo karavani ikaanza. Kwanza ilitikisa makalio kidogo, kama shangazi aliyesikia ngoma ya mbali. Kisha shangazi akaingia uwanjani. Kushoto, kulia, kushoto, kulia! Landrova nayo ikawa inavutwa mkia huku na huku, kabichi zikaruka, Nyanya akaimba wimbo wa kanisani kuanzia ubeti wa mwisho. Lori lililotoka Mombasa lilitupigia honi ndefu, na naapa niliona meno ya dereva wake yote. Baba akaachia mafuta taratibu bila kugusa breki, mpaka shangazi akachoka. Tuliingia Voi kwa mwendo wa maiti.

Vijana waliokaa kando ya barabara walitupokea kwa vicheko. "Mzee! Hiyo nyumba inanusa mvua?" "Mshushe pua huyo, ana maringo!" Baba alitazama mbele kana kwamba ameziba masikio kwa nta. Alisimama kwa fundi wa vyuma karibu na reli, kwenye kiwanja kipana kilicho sawa, na tulipoteremka ndipo tulipoiona vizuri. Karavani ilikuwa imetazama mbinguni.

"Haiwezekani," Baba alisema. Akamgeukia Nyanya. "Mama, lete bakuli."

Bakuli likaingizwa ndani, likawekwa pale pale katikati, likajazwa. Maji yalikimbilia nyuma, yakamwagika, yakafuata ukuta wa nyuma. Treni ilipiga honi stesheni. Baba akatazama bakuli, akatazama karavani, akatazama kiwanja cha fundi, akatazama mji mzima kuanzia stesheni mpaka milimani. Kisha akasema neno ambalo ukoo wetu utalisimulia mpaka kiama:

"Voi imepinda."

Fundi aliangusha nyundo. Nyanya akaitikia kwa uzito, "Mimi mji huu sikuwahi kuuamini."

"Mzee," fundi alisema akifuta machozi ya kucheka, "mimi nimezaliwa hapa, na chai haijawahi kunimwagikia."

"Umezoea!" Baba akamjibu. "Mtu akizaliwa kwenye kitu kilichopinda, atajuaje?"

Na akaanza kuizunguka Landrova, akitafuta mahali pa kuigeuzia. Hapo ndipo nilipoona uso wa Mama. Alikuwa ameingia ndani ya karavani, na niliingia nyuma yake. Cherehani ilikuwa imeteleza mpaka ukuta wa nyuma. Pini zilikuwa zimemwagika zote, na zote zilikuwa zimelala kule kule nyuma, mstari mmoja, kama watu waliokimbia mvua. Gauni lilikuwa bado kwenye ndoano, safi, lakini lilikuwa limening'inia mbali na ukuta. Kesho yake ilikuwa harusi. Nje tulimsikia Nyanya akimwambia fundi kwamba kuku wake ni wa aina ya mayai makubwa.

Mama alizitazama zile pini. Halafu akateremka, utepe wake wa kupimia ukiwa shingoni kama kawaida.

"Baba watoto, hili gauni ulilipimia wapi?"

"Gauni gani? Karavani niliipimia nyumbani. Uwanjani."

"Uwanjani kwetu?"

"Sasa wapi kwingine? Uwanjani, pale tambarare."

"Pale ambapo mpira ukipigwa unakimbilia kwa jirani?"

Rafiki yangu, Baba alivua kofia. Nyanya alitazama bakuli lake. Maji yalisema kweli kule nyumbani, na yalikuwa yakisema kweli Voi. Sisi ndio tuliokuwa tumeegesha gari kwenye mteremko, tukaipandisha pua ya karavani mpaka ilingane na maji, tukaondoka nayo hivyo hivyo. Ugonjwa wa watu wa mlimani. Mtu wa bondeni angeona mteremko ule akiwa bado njiani.

Mama hakungoja jibu. "Bibi harusi hapimwi akiwa amelalia kilima," alisema. "Anasimama palipo sawa, na viatu vyake miguuni, halafu pindo linapimwa kutoka chini. Pandeni wote."

"Tupande wapi?" Baba aliuliza.

"Kwenye gari. Kabichi zirudishwe, mama yako apande, mtoto apande. Gari tupu linasimama wima, likibeba linakalia makalio. Nikipima tupu tutakosea tena."

Tukapanda, mimi na Nyanya juu ya kabichi, wazito na wa maana kama serikali. Mama alipiga goti kwenye vumbi la Voi na gauni lake la safari, akapima kutoka ardhini mpaka sakafu ya karavani, mbele, kisha nyuma. Akapima kutoka ardhini mpaka kwenye gololi. Akaweka pini mdomoni, jinsi alivyofanya akifikiri, akamwonyesha fundi kwa kidole. "Kigeuze hiki chuma. Kitazame chini."

Baba akaenda kuchukua spana yake, akazifungua bolti mwenyewe, na hilo ninamhesabia.

Chuma kiligeuzwa, gololi ikashuka, kikombe kikaishukia. Mama akapima tena mbele na nyuma, akaona mbele kumeinama kidogo tu, upana wa kidole. Fundi akauliza kama airekebishe. Mama akasema acha, gauni linaloinuka mbele ndilo la aibu, linaloshuka kidogo linasameheka. Kisha akaisukuma cherehani mpaka mbele ya magurudumu, ili uzito usikalie mkia, akaifunga kwa kanga, akaokota pini zake moja moja. "Twende," akasema. "Watu wanaolewa."

Njia ya Taveta wakati ule haikuwa na lami. Ilikuwa vumbi jekundu, mawe, na ndovu waliotutazama kwa dharau. Karavani ilitufuata nyuma kama kondoo. Kila tulipopita mtaro nilitazama nyuma nione kama shangazi ataamka. Hakuamka. Mbele nilimwona Mama akitazama kioo cha pembeni, naye Baba akimtazama Mama. Baada ya Maktau Baba alianza kupiga mluzi. Tulipofika Mahoo, jua likiwa limekaa juu ya migomba, alikuwa ameshaanza kuwaeleza wenyeji jinsi *tulivyogundua*, yeye na mkewe, kwamba chuma kinapaswa kugeuzwa.

Kesho yake bibi harusi alisimama, na pindo lake lilikuwa sawa kuzunguka pande zote. Nyanya alilitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Alikosa nyumba ya kuku, lakini alikula pilau ya watu watano.

Mama alishona katika karavani ile miaka mingi. Siku za soko ilijaa wanawake, vitambaa, umbea na harufu ya pasi ya makaa, na mimi nilikua humo, nikikosa siku za shule nyingi kuliko nilizohudhuria. Ndiyo maana nilikuja kumaliza masomo ukubwani, jioni, kwenye shule ya ngumbaru. Siku mwalimu aliposhika kile kipande cha mbao chenye povu la hewa ndani ya kichupa, akatueleza kulala sawa ni nini, nilicheka mpaka akanitoa nje. Baba hakuwahi kukubali. Mpaka uzee wake, akishuka mjini alisimama stesheni, akafumba jicho moja, akanong'ona: "Imepinda, nakwambia. Kidogo tu."

Sasa wote hawapo. Karavani ilichakaa sakafu kule Mahoo, na mwishowe mwenye kiwanja aliingiza humo kuku. Nilipowaona, niliwasalimia kwa niaba ya Nyanya.

Juzi nilipofika nyumbani kutoka Voi, nilitoa bakuli kabatini. Mpwa wangu amejenga nyumba ya mawe na ameleta trekta, limeuchonga uwanja wote. Niliweka bakuli katikati, nikalijaza. Maji yaligusa ukingo wa buluu pande zote, na uwanja ulikuwa sawa kweli, bila magogo wala kigelegele. Lakini nilipotembea juu yake nilijikwaa, miguu yangu ikitafuta mteremko wake wa zamani.

Watoto wa mpwa wangu walikuwa wakicheza. Wana mpira wa dukani, mzuri. Waliupiga, ukabingirika kidogo, ukasimama katikati ya uwanja. Nilingoja. Ukabaki pale pale. Ng'ambo ya ua, kwenye migomba, binti wa yule mama jirani, mtu mzima sasa kama mimi, alikuwa akipalilia peke yake, na hakuna mtoto aliyekuwa na sababu ya kwenda kumsalimia.

Nikaufuata ule mpira, nikaupiga teke la nguvu zangu zote, ukavuka ua. "Nendeni mkaufuate," nikawaambia. "Na msalimie kwanza."